Wanaotazama Kushoto

Tabea alikuwa na neno na Arusha nzima: wamcheke, sawa, lakini wamcheke kama mwigizaji, si kama mshamba. Miaka ishirini watu wameng'ang'ania ile filamu yao ya vichekesho na nyimbo, *Mkwe Kachelewa*, waliyoirekodi kijijini Akheri katikati ya migomba, waigizaji wote wakiwa wanakwaya wa usharika. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanakwaya haanzi wimbo bila kumtazama mwalimu wake. Basi kila penye wimbo, hata pale bibi harusi Tabea anapomlilia mchumba, wote walitupa macho kushoto, wakamngoja mwalimu Eliya, asiyeonekana, awape sauti ya kuanzia: "Doo, mii, soo." Ndipo wakaendelea kulia.

Watu wakaipenda kwa hilohilo. Kila Krismasi ukumbi mmoja wa mtaa wa Levolosi hufurika watu wa kuitazama, na wimbo ukikaribia, ukumbi mzima hugeuka kushoto. Sokoni Tabea hauzi ndizi bila mteja kugeuza shingo kwanza.

"Nimechoka," alimwambia mwanawe Gerson, fundi wa kuhariri video. "Nitolee ushamba wote huo."

Gerson akautoa, macho ya kushoto pamoja na noti za kuanzia. Kazi safi, huwezi kumlaumu.

Siku ya pili ya Krismasi, mchana, Tabea alikaa mbele ukumbini, kitenge kipya, kichwa juu. Wimbo wa kwanza ukaingia moja kwa moja. Watu walishageuza shingo. Wakabaki wamegeuka, hakuna kitu. Wa pili vilevile. Kufika wa tatu watu wanachezea simu, na jirani yake Irine, ambaye hajakosa hata mwaka mmoja, anafunga mkoba wake aondoke.

"Mama Gerson," akauliza kwa sauti, "mbona mmemtoa mwalimu?"

Tabea alifungua mdomo ajibu kwamba mwalimu hajawahi kuonekana humo, kisha akakumbuka. Eliya alikuwa mumewe, na kaburi lake lilishaota majani. Hakuwahi kupigwa video hata mara moja, maana siku zote alisimama pembeni mwa kamera akiwaongoza. Noti zile tatu ndizo sauti yake pekee iliyobaki duniani, na yeye, kwa kiburi chake, ameagiza zikatwe. Hasira zikampanda, na Tabea akikasirika hakai kitini.

"Gerson, zima hiyo! Ile ya zamani unayo?"

"Ipo nyumbani, mama."

"Kaifuate."

Watu wakaanza kunung'unika. Tabea akaenda kusimama kushoto mwa skrini, akawageukia.

"Hamuondoki. Wimbo wa posa nani haujui?"

Wakacheka; asiyeujua hakuwepo.

"Basi nitazameni mimi."

Akainua mkono. Hakuwahi kusimama upande huu. Nyuso zote zilimwelekea, wazee kwa watoto, zimetulia, zikimngoja yeye. Kumbe hivi ndivyo Eliya alivyokuwa akiwaona.

"Doo," akaimba Tabea. "Mii. Soo."

Akashusha mkono, wakaingia wote na wimbo.