Ruksa Amsubiri Mgeni Rasmi

Nina ng'ombe wawili wa jembe, Ruksa na Mageuzi. Ruksa nilimpa jina hilo mwaka ule serikali ilipofungua milango ya biashara na Itigi ikajaa mitumba, sabuni za kunukia na redio zisizodumu. Mageuzi alikuja vyama vilipokuwa vingi. Mageuzi ana makelele sana, lakini anayevuta jembe ni Ruksa.

Basi Ruksa akashikwa na ugonjwa wa ndorobo, ule unaoletwa na mbung'o. Akakonda mpaka mbavu zikahesabika, manyoya yakamsimama, macho yakawa yanatoka machozi tu. Mawingu yalishaanza kujikusanya. Mimi ni mjane. Ruksa akifa, silimi, na nisipolima, nyumba yangu nzima inalala njaa.

Zamani bwana mifugo alikuwa akija na sindano ya serikali. Siku hizi amepunguzwa kazini, josho limekauka, mbuzi wanalala humo. Sindano ziko dukani kwa Abdulkadiri, rafu moja na khanga na biskuti. Nikauza mbuzi wangu, nikamwambia Abdulkadiri aje kesho amchome.

Kesho yake akatangulia Dokta.

Aliitwa Dokta Urbano, kijana mpole wa chuo kikuu, amekuja na jenereta na hadubini kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba usimchome kwanza. Dawa ikiingia, vimelea vinakufa, na mimi nimekuja kuviangalia vikiwa hai. Nichukue damu kidogo, halafu umtibu."

"Chukua sasa hivi, ng'ombe huyo hapo."

Alishashika bomba la sindano wakati mwenyekiti wetu wa kijiji, Chrispin, alipoingia mbio huku amevaa koti la suti kwenye jua lile.

"Haiwezekani!" akasema. "Mradi huu wa utafiti haujazinduliwa. Tone la kwanza lazima aliangalie mgeni rasmi."

Mtu wa kwingine anaweza kudhani natania. Kwetu hakuna kitu kinachoanza bila mgeni rasmi. Choo cha shule kilikamilika kikafungwa utepe, na watoto wakaendelea kwenda vichakani muhula mzima, mpaka mkubwa alipopata nafasi ya kuja na mkasi. Sasa ikawa zamu ya Ruksa. Akavishwa utepe shingoni, na mimi nikakatazwa kumchoma, maana tangu hapo alikuwa ng'ombe wa mradi.

Ikaundwa kamati ya maandalizi. Alhamisi tukafunga hema, kwaya ikaimba mpaka ikapoteza sauti, wali ukapikwa. Mchana ukaja ujumbe kwamba mgeni rasmi ana kikao Singida mjini. Wali tukaula wenyewe. Alhamisi iliyofuata tukaambiwa yuko semina. Wali tukaula tena, na Ruksa akapunguza kula majani.

Dokta hakuwa na kazi, akawa anakuja kukaa nami zizini. Siku moja nikamwuliza hasa anatafuta nini kwenye damu ya ng'ombe wangu.

"Kimelea hiki ni kidogo mno, mama. Mwili wake mzima ni chembe hai moja. Katikati kuna kiini, ndiyo ofisi kuu yake. Humo hunakiliwa maagizo, tunayaita RNA ya ujumbe: tengeneza mkia, tengeneza ngozi. Mimi nataka kujua maagizo hayo yanakaa wapi. Nadhani hayazagai ovyo. Nadhani agizo la mkia hupelekwa likakae karibu na mkia, ili kazi ifanyike palepale."

"Halingoji kikao?"

"Halingoji, mama."

"Wala mgeni rasmi?"

Dokta akacheka. Mimi sikucheka. Niliona uchungu kweli. Mdudu asiyeonekana kwa macho anajua kupeleka agizo mpaka mkiani, na sisi sindano iko dukani, ng'ombe yuko zizini, na ruhusa iko semina.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi nikamkuta Ruksa amelala chini, hataki kuinuka. Nikaenda kwa mwenyekiti.

"Mama Dina, vumilia," akaniambia. "Ni heshima kubwa kwako."

"Heshima hiyo inavuta jembe?"

Akaniambia nisiwe mpinzani. Nikaondoka pale nimeiva kwa hasira, nikapitiliza hadi dukani.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, Abdulkadiri akaja na baiskeli.

"Wakiniuliza, Mama Dina?"

"Waambie ulikuja kuuza biskuti."

Akamchoma. Jumapili Ruksa akasimama mwenyewe. Katikati ya wiki alikuwa anakula majani kwa fujo, na mimi sikumwambia mtu.

Alhamisi mgeni rasmi akatokea. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Dokta akachukua damu, akaiweka kwenye hadubini, na mheshimiwa akainama. Alifumba jicho, lakini alifumba lile lililokuwa kwenye kioo.

"Naam!" akasema. "Nawaona. Wanakwenda kwa kasi, kila mmoja na ujumbe wake."

Chrispin akainama. "Wengi sana, mheshimiwa."

Kamati nzima ikainama mmoja baada ya mwingine, na wote wakawaona. Mwisho akainama Dokta. Alikaa pale muda mrefu, akageuza kioo, akageuza tena, kisha akainua kichwa akanitazama mimi. Sikukwepesha macho.

Mheshimiwa akashika kipaza sauti. Kwa kuwa mafanikio ni makubwa, akasema, ng'ombe huyu asirudi kwake. Afungwe kwenye ofisi ya kata, awekewe mlinzi, wageni wa mkoa wafike kujionea. Makofi. Nilikuwa nimemwokoa na ndorobo ili aje aozee ofisini.

Halafu mtu akatangaza chakula.

Uwanja ulibaki mtupu, isipokuwa mimi, Ruksa na Dokta. Dokta akasogea.

"Ulimchoma lini, mama?"

"Ijumaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesubiri mgeni rasmi akupe ruhusa ya kusikia."

Aliinamisha kichwa. Nikamwonea huruma, maana hakuwa mtu mbaya. Nikamwambia jirani yangu ana fahali mgonjwa. Aende kesho mapema, achukue damu, amwache atibiwe, na asimwambie mtu mwenye koti. Akaitikia. Kisha akafungua kamba ya Ruksa kwa mkono wake, akanikabidhi.

Nikatazama kule kwenye sufuria. Mwenyekiti alikuwepo, kamati ilikuwepo, mlinzi wa kumlinda Ruksa alikuwepo, na mheshimiwa alikuwa mbele yao wote ameshika sahani mbili. Hakuna aliyepotea, kila mmoja alikuwa amekaa pale kazi yake ilipo.

Mimi yangu ilikuwa shambani. Nikampitisha Ruksa nyuma ya hema, utepe ukiwa bado shingoni, tukaenda kulima.