Wiki Sita za Kupumzisha Vidole

Mashine ilikataa vidole vyangu vyote kumi. Karani alivipangusa kwa kitambaa, akavikandamiza mwenyewe kwenye kioo, halafu akageuza viganja vyangu na kuvikagua kama mtu anayechagua viazi sokoni.

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi vigae."

"Alama zimelika. Bila alama hakuna ukaazi wa kudumu. Pumzisha mikono wiki sita, kisha urudi."

Miaka saba nilikuwa nimetandika vigae katika majiko na mabafu ya nchi ile, na saruji ndiyo iliyonila vidole. Kazi iliyonipa haki ya kuomba kadi ya ukaazi ndiyo hiyo hiyo iliyoninyima. Nilicheka kidogo. Karani hakucheka. Bila kadi, mke wangu na binti zetu wawili wasingeweza kunifuata, na yule mdogo nilimwacha tumboni.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alinipa ufagio, glavu na nusu mshahara. Mwenzangu wa kazi na wa chumba tulimwita Pimamaji, kwa kuwa hakuamini sakafu yoyote ambayo hajaipima mwenyewe. Kila saa ya chai alinikuta napaka mafuta vidoleni.

"Bibi harusi, ndoa lini?"

"Cheka tu. Nikipata kadi utanipigia saluti."

Pamoja na maneno yake, ndiye aliyepika, akaosha vyombo, akafua hadi soksi zangu, akinung'unika kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzake. Mimi sikugusa hata kikombe kichafu.

Mke wangu nilimpigia simu, nikamwomba abane matumizi kwa wiki hizo sita.

"Usijali, Baba Watoto. Wewe tunza mikono. Huku mambo shwari."

Niliamini, kwa sababu ilinifaa kuamini.

Wiki ya sita ilipoisha, ngozi ilikuwa laini na mistari imerudi. Mashine ilisoma kidole kimoja baada ya kingine bila kinyongo, na kadi ikatoka siku ileile. Pimamaji alipiga saluti kweli, mwiko mkononi.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mke wangu kwenda ubalozini kule nyumbani kuomba viza. Alinipigia mchana, nikiwa nimepiga magoti kwenye bafu la mtu, glavu bado mikononi kwa mazoea.

"Mashine imenikataa."

"Ikukatae kwa lipi? Wewe si fundi."

Akakohoa, kikohozi kikavu cha vumbi.

"Mama Watoto, umefanya kazi gani?"

"Nimeponda kokoto. Zile wiki zako sita, na hii moja. Watoto walitaka kula, na mimi sikutaka urudi kwenye saruji kabla ya siku."

Niliona aibu. Pimamaji, aliyekuwa akikata vigae mlangoni, aliniangalia, akaacha kupiga mluzi.

"Wamekwambiaje?" nikamuuliza mke wangu.

"Nipumzike wiki sita."

"Basi pumzika. Ndoo, ufagio, hata sufuria usiguse. Mkubwa ataosha vyombo."

"Na wewe je?"

"Huku mambo shwari," nikamwambia.

Nilikata simu, nikamwomba bosi zamu ya pili. Kisha nikavua glavu, nikachota saruji kwa vidole na kurudi ukutani.