Injini Chini ya Shuka

Mwalimu hakuwa mwalimu wa darasani. Alifundisha watu kuendesha gari. Alishinda kwenye kiti cha abiria tangu asubuhi, mguu juu ya breki ya akiba, huku mtu mzima mwenye shahada zake anatetemeka kama anapelekwa kunyongwa kwa sababu tu lori limempigia honi. Ni kazi ya subira, na watu walioiona subira yake waliidhania upole. Shemeji yake naye alidhani hivyo hivyo, na hapo ndipo alipojichongea.

Mumewe alikuwa fundi wa injini. Wenzake walipojinyima wanunue viwanja, yeye siku moja alirudi nyumbani anavuta mkweche kwa kamba: gari la mbio la milango miwili, limebonyea ubavu mzima, na kwenye buti kuku alikuwa ametagia. Mwalimu alipoliona machozi yalimlengalenga.

"Ndiyo akiba yetu ya uzeeni hii?"

"Ndiyo yenyewe," mumewe akasema, na hakuwa anatania. "Sikiliza, mke wangu. Gari la kawaida ukitoka nalo tu dukani, bei imeshashuka. Haya ya mbio yalitengenezwa machache, na vijana wanayamaliza kwa ajali kila siku. Likibaki moja zima, linapanda bei lenyewe hata ukiwa umelala. Ila usilibadilishe kitu. Rangi yake, viti vyake, rimu zake, na zaidi ya yote injini yake, ile yenye namba iliyoandikwa kwenye kadi. Ukivitenganisha hivyo, umebaki na bati."

Akalishughulikia miaka, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko, mpaka likarudia rangi yake ya damu ya mzee na mlango ukawa unafunga kwa sauti ndogo, kama mtu anayefunga kitabu. Mwalimu, aliyekuwa akilionea wivu mwanzoni, naye akaanza kulipenda. Kisha mumewe akaugua kifua, akalazwa, na hakurudi.

Siku ya pili baada ya mazishi, viti vya kukodi vingali uani, mdogo wa marehemu alikuja kukaa karibu na mjane. Huyu alikuwa dalali wa magari, mtu mwenye mdomo laini kama umepakwa grisi. Akashusha sauti.

"Shemeji, ile gari injini imekufa. Nimeiangalia mwenyewe asubuhi. Ukiiacha pale itaoza, na bili ya hospitali inakusubiri. Ngoja nikutolee mzigo."

Alichompa kilitosha kulipia bili na sanduku, basi. Mwalimu akasaini. Macho yalikuwa yamemvimba kiasi kwamba hata mstari wa kusainia alionyeshwa kwa kidole.

Wiki haikuisha, akiwa na mwanafunzi kwenye mzunguko wa barabara, alisikia mngurumo anaoujua kuliko sauti yake mwenyewe. Injini iliyokufa ilimpita kwa kasi. Shemeji alikuwa amevaa miwani ya jua.

Hilo pengine angelisamehe. Watu hudhulumiana mali, na dunia inaendelea. Lakini mama mkwe naye aliacha kupokea simu zake, na Mwalimu alipokwenda kumjulia hali hakuvushwa kibarazani.

"Udongo wa mwanangu haujakauka, wewe umeshalipigia mnada gari lake," bibi yule alimwambia, bila kumtazama. "Mpaka mdogo wake akalinunua kwa kukuonea aibu, lisije likaangukia mikononi mwa watu baki. Ulikuwa na haraka ya nini, binti?"

Juu ya bega la mama mkwe, ndani, Shemeji alikuwa mezani anakula. Alimwona Mwalimu, akainamia sahani yake. Hapo ndipo Mwalimu alipoelewa kwamba hakuibiwa gari peke yake. Angeweza kulia na kuapa, lakini nani angemwamini, wakati sahihi ni yake? Aliaga kwa adabu, akatoka. Kitu kilimshuka kooni siku ile kikakaa chini ya moyo, na hakikuyeyuka tena.

Shemeji alilifanyia lile gari mambo ya mtu aliyeokota. Alilipaka kijani cha kung'aa kinachoumiza macho. Akalibandika spoila nyuma, bawa kubwa kama ubao wa kupigia pasi, akakata springi ili lilale chini, akang'oa rimu, viti na usukani, akaviuza ovyo, akaweka vya dukani vyenye nembo za uongo. Mwisho akaikimbiza injini bila kubadilisha oili mpaka ikaanza kugonga ndani kama nyundo. Alilipeleka kwa Fundi Kobe, rafiki wa marehemu, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kuharakishwa na binadamu. Akafungiwa injini nyingine, na ile ya zamani akaiacha gereji iwe sehemu ya malipo.

Kobe alimsimulia Mwalimu habari hizo kwa uchungu, akidhani anamliwaza.

"Iko wapi?" Mwalimu akauliza.

"Nini?"

"Injini."

"Ipo nyuma pale. Nasubiri watu wa chuma chakavu."

"Usiwape. Niuzie mimi, uniletee nyumbani."

"Ya nini tena, shemeji? Imegonga hiyo."

"Wewe niletee. Na ufunge mdomo."

Ililetwa kwa mkokoteni. Wanaume walihema kuiingiza chumba cha nyuma, wakaiketisha juu ya matairi makuukuu. Mwalimu akaifunika kwa shuka ya kitandani, ya maua, na tangu siku hiyo akawa mwindaji.

Kazi yake ilimfaa. Hakuna mtu anayezunguka mitaa yote, polepole, kutwa nzima, bila kutiliwa shaka, kama mwalimu wa udereva. "Kata kushoto," anamwambia mwanafunzi, na mwanafunzi anadhani anafundishwa kona, kumbe Mwalimu ameona rimu. Aliziona chini ya teksi moja iliyochoka, akabembelezana na dereva mpaka wakabadilishana kwa mpya. Viti alivikuta kwenye saluni ya kinyozi, wateja wamevikalia wanasoma magazeti ya zamani.

"Hivi siuzi, mama," kinyozi alisema. "Wateja wanavipenda hivi kuliko ninavyowanyoa."

Mwalimu alirudi na sofa, nzima, ya kitambaa kizuri. Kinyozi akavitoa viti mwenyewe hadi mlangoni. Usukani ulikuwa ukutani kwenye baa, umezungushiwa taa za rangi, na huo ulimgharimu soda nyingi na mazungumzo marefu na mwenye baa kuhusu mguu wake unaomuuma.

Kila alichokipata alikifuta, akakiweka chini ya shuka. Hasira yake haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa hasira ya kufagia chumba kile kila asubuhi, kukagua kama kutu imeingia, na kufunga mlango kwa ufunguo. Alijua jambo moja: Shemeji ni muuzaji, na muuzaji hatulii na kitu. Siku moja atataka kuliuza. Siku hiyo agundue amebaki na bati.

Na siku ilikuja. Miaka ilikuwa imepita, na magari yale yakaanza kutafutwa kwa tochi, kama marehemu alivyosema. Daktari mmoja wa meno, mkusanyaji wa magari, alimtumia Shemeji ujumbe: analitaka, na bei aliyotaja ilimkosesha Shemeji usingizi. Hata kabla hajapokea chochote, alishatoa malipo ya awali ya yadi kando ya barabara kuu, akachapisha bango lenye picha yake, na kuwatangazia ndugu kwamba umaskini sasa wausikie kwa jirani.

Daktari alikuja na tochi kweli. Alipiga magoti na suruali yake safi, akamulika chini ya boneti, akasoma namba ya injini, akasoma kadi, akasoma tena. Kisha akainuka akijipangusa.

"Injini yake iko wapi?"

"Daktari, hii inakimbia kuliko ile."

"Sikukuuliza inavyokimbia. Viti viko wapi? Rimu?" Akazima tochi. "Kavitafute, uniite. Hivi lilivyo, hili ni gari la kukata spea."

Habari za madalali hazina miguu lakini zinakimbia. Kufikia jioni kila yadi ilikuwa inacheka. Shemeji akatimua mbio hadi kwa Fundi Kobe, akamkuta anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ile injini, fundi! Uliipeleka wapi?"

"Niliuza."

"Kwa nani?"

Kobe akahamia mkono wa pili. "Kwa mwenye gari."

Shemeji alikwenda kwa Mwalimu Jumamosi, mchana, na hakwenda peke yake. Alimtanguliza mama yake, kama ngao. Mwalimu aliwafungulia, akamwamkia mama mkwe kwa heshima zote, akamwekea mto mgongoni. Bibi aliitikia kwa nusu mdomo. Hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu msiba.

"Shemeji," dalali akaanza, na grisi yote mdomoni, "sisi ni familia. Nimesikia una vitu vya kaka."

"Ninavyo. Njooni mwone."

Akawafungulia chumba cha nyuma. Akavuta shuka moja, akavuta ya pili. Rimu nne zilizong'arishwa, viti vya ngozi, usukani, na katikati injini, imefunguliwa na kusafishwa na Kobe hadi inaonekana kama chombo cha hospitalini. Shemeji alimeza mate kwa sauti. Mama mkwe alishika mlango.

"Hivi vyote... ni vya mwanangu?"

"Vyake, Mama. Nimevikusanya kimoja kimoja huko alikovitawanya huyu."

"Sema bei," Shemeji akadakia. "Sema tu."

"Kabla ya bei, mwambie Mama uliniambia nini siku ya pili ya msiba."

"Aa, shemeji, mambo ya zamani hayo."

"Basi mlango huo hapo nyuma yako."

Shemeji alimtazama mama yake, akaitazama injini. Mwalimu aliiona hesabu ikipita usoni mwake, na akafurahi. Hakuificha furaha hiyo. Alikuwa ameingoja kwa muda mrefu mno.

"Nilimwambia... injini imekufa."

"Ilikuwa imekufa?"

"Haikuwa."

"Nani alimfuata mwenzake? Mimi nilikuja kukubembeleza?"

Jasho lilimtoka kwenye nywele.

"Mimi ndiye niliyemfuata," akasema, karibu kwa kunong'ona.

"Sauti. Mama hasikii vizuri."

"Mimi ndiye niliyemfuata! Haya!"

Mama mkwe alirudi sebuleni akishika ukuta, akakaa, akaomba maji. Alipomaliza kunywa alibaki ameishika glasi tupu kwa mikono miwili.

"Nilimtukana huyu mtoto," akasema, kwa kitu kama mshangao. "Kibarazani kwangu. Na wewe ulikuwa ndani unakula."

Shemeji alidhani sasa amelipa, na waliolipa hutaka mzigo wao. "Nimeshasema, shemeji. Tufanye nusu kwa nusu, Daktari anasubiri."

"Siuzi kitu," Mwalimu akamjibu. "Nanunua. Lete gari, nikupe kiasi kile kile ulichonipa mimi. Nakutolea mzigo."

"Hiyo ni dhuluma!"

"Kumbe jina lake unalijua."

Aliruka, akafoka, akatishia kwenda kwa wanasheria, akasahau alitaka kuwaambia nini hao wanasheria. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa bado na glasi yake, aliposema kwa unyonge: "Mwongezee kidogo, mwanangu. Ni damu ya mumeo."

Neno mwanangu lilimchoma Mwalimu, maana hakulisikia miaka yote ile. Kidogo alegee. Lakini alimtazama yule mtu pale mlangoni, aliyekula wali akimsikiliza mjane wa kaka yake anatukanwa, na kile kitu chini ya moyo kikawa kigumu vile vile.

"Mama, ukiniomba figo nitakupa," akasema. "Hili, hapana."

Shemeji alizunguka yadi zote kabla ya kurudi. Waliompa bei walimpa ya kilo. Yule mwenye eneo kando ya barabara kuu hakungoja, akampangisha muuza magodoro. Basi dalali akaleta gari, akasaini, na safari hii ni Mwalimu aliyemwonyesha mstari kwa kidole.

Kobe alilichukua kwa mwendo wake. Kijani kikakwanguliwa, spoila akapewa jirani akaifanya rafu ya vyombo, na kila kitu kikarudi mahali pake. Mwalimu alipoliwasha mara ya kwanza, alikaa kiti cha dereva akiwa ameweka mguu wa kulia mahali ambapo breki ya akiba ingekuwa, akajicheka mwenyewe, akatia gia. Daktari wa meno alikuja akapiga magoti tena, akainuka anatabasamu, akataja bei yake. Amekuja mara kadhaa tangu hapo, na kila akija inakuwa imeongezeka.

"Bado, Daktari," Mwalimu humwambia. "Waache vijana wayamalize kwanza mengine."

Asubuhi moja mama mkwe alitokea getini na begi la nguo. Alisema chakula cha kwa mdogo hakimpiti kooni. Mwalimu hakumwuliza zaidi, akamtandikia kitanda. Hawakuombana radhi kwa maneno. Bibi alianza tu kumchagulia mboga na kumgombeza kwa kuchelewa kula, na ikatosha.

Kwa hiyo Shemeji, akitaka kumwona mama yake, hana njia nyingine. Kila Jumapili huja kwa miguu na kubisha hodi. Mwalimu humfungulia mwenyewe. Hakubali mtu mwingine amfungulie. Humsalimia, humpa chai, humwuliza habari za kazi kwa sauti ile ile anayowafundishia watu kurudi nyuma kwa kutumia vioo. Dalali hujibu akitazama kikombe. Amekonda kidogo, na mdomo wake siku hizi ni mkavu.

Kuna Jumapili moja, baada ya kuondoka kwake, mama mkwe aliweka kisu chini na kumtazama mkwewe.

"Utamsamehe lini, mwanangu?"

Mwalimu alifikiria kwa makini, maana swali lilikuwa la haki na aliyeuliza alistahili jibu la kweli. Alijipapasa ndani kutafuta kama kile kitu kimepungua. Hakikuwa kimepungua. Wala hakikumsumbua.

"Nikiwa tayari, Mama, wewe ndiye nitakayekuambia wa kwanza," akasema, akavuta sinia la mboga upande wake wakaendelea kuchambua.