Risasi Ishirini za Damas

Kwa saa nane za siku Damas alikuwa mhandisi katika kiwanda kimoja cha mji wa Savage, huko ughaibuni. Kwa saa zilizobaki alikuwa mtaalamu wa mambo ambayo hakuna mtu aliyemuuliza. Mwaka ule wa 1994 utaalamu wake ulikuwa umetua kwenye risasi. Hakununua za dukani kama binadamu wengine. Alizitengeneza mwenyewe, chini kabisa ya nyumba, juu ya meza aliyoibana kando ya mashine ya kufulia.

"Kwani risasi ni nini?" aliwahutubia wageni waliokuja kumjulia hali mtoto wake mgonjwa. "Vitu vinne, basi. Ganda la shaba. Baruti ndani yake. Kichwa cha risasi juu. Na kule kitakoni fataki, kidude kama punje ya dengu. Bunduki ikikigonga kinatoa cheche, baruti inawaka. Risasi ya dukani ni suti ya mtumba, bwana. Yangu imekatwa na fundi, kwa kipimo cha bunduki yangu."

Mtoto akaendelea kukohoa.

Tumpe haki yake: alikuwa hodari. Kwa mita mia, risasi zake tatu zilitoboa karatasi mahali ambapo ungeweza kupafunika kwa sarafu moja. Karatasi hiyo aliikunja akaitia kwenye pochi, pale ambapo wanaume wengine huweka picha ya mke.

Vuli ilipofika, fataki zikaadimika. Watu walikuwa na hofu ya sheria mpya za silaha, wakazigombea kama sisi tulivyogombea sukari miaka ya themanini. Aina aliyoizoea Damas ikawa haipatikani hata kwa dawa. Akapata nyingine, kali zaidi, zilizokusudiwa bunduki kubwa. Wiki hiyo hiyo mfanyakazi mwenzake akamzawadia mfuko wa maganda ya jeshi, mazito, ya kupendeza. Mtaalamu akafurahi. Ganda ni ganda, fataki ni fataki. Baruti akaendelea kuipima vilevile, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye daftari lake, maana daftari la Damas halikosei.

Mkewe, Dativa, alikuwa fundi wa maabara hospitalini. Alishuka na kapu la nguo, akasimama kutazama.

"Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo," akasema. "Mambo yakiharibika utajuaje kilichoharibu ni kipi?"

"Mama Avelina, hapa hatupimi mkojo."

"Mkojo haulipuki," akasema Dativa, akawasha mashine.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya msimu wa kuwinda paa kufunguliwa, mlango ukagongwa. Alikuwa Francis, Mkenya, muuguzi, mkazi wa mji wa Champlin. Alikuwa amenunua bunduki yake ya kwanza maishani, saizi moja na ya Damas, halafu akakuta risasi za saizi hiyo zimefagiwa kila duka.

"Niaje, buda! Kesho tunatoka na mabeshte, tunaenda huko north, na sina hata risasi moja. Si uni-sort? Ata kumi tu."

Wanaojitengenezea risasi wana sheria moja inayozitangulia zote: ulichokitengenezea bunduki yako usikitie katika bunduki ya mwingine. Damas aliijua. Alikuwa amewasomea wengine sheria hiyo huku amenyanyua kidole. Lakini alikuwa na sheria nyingine, ya nyumbani kwao, aliyoinyonya kabla hajajua kusoma: anayekuja mlangoni kuomba chumvi haondoki mikono mitupu. Na kama hizo mbili zingeanza kugombana, Francis alizimaliza kwa neno moja.

"Profesa, nakutegemea."

"Kumi za nini?" Damas akasema, kifua kimemjaa. "Chukua ishirini."

"Hizo mpya umezijaribu?" Dativa akauliza kutoka kwenye ngazi.

"Zimejaribiwa."

Alikuwa na maana kwamba ndugu zao wa mwezi uliopita walikuwa wamejaribiwa.

Ijumaa akaomba ruhusa kazini, akaenda uwanja wa shabaha kuonja mapishi yake mapya. Risasi ya kwanza ilitoka kwa kishindo ambacho hakukizoea, na bunduki ikampiga begani kama mtu mwenye kisasi. Akataka kulifungua komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ili atoe ganda. Komeo likagoma. Akalipiga kwa kiganja mpaka likakubali. Ganda likatoka, na pale kitakoni fataki ilikuwa imebapa kama sarafu iliyopitiwa na treni.

Mwenye akili angeishia hapo. Damas alipiga mbili zaidi, kwa heshima ya ile karatasi ya kwenye pochi. Tundu la kwanza lilikuwa kushoto, la pili juu, na la tatu sijui lilikwenda kumsalimia nani. Ila ile ya tatu ilimletea salamu na yeye: upepo wa moto ukafyatuka kutoka kwenye komeo, ukampita shavuni, kidole kimoja tu chini ya jicho.

Akakaa chini. Sasa utaalamu ukaja, umechelewa lakini umekuja. Maganda ya jeshi yana kuta nene, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo. Baruti ileile, chumba kidogo, cheche kali zaidi: mgandamizo hauna pa kwenda isipokuwa nyuma, kwenye uso wa mpigaji. Kosa kubwa ni la ganda au la fataki? Hakujua, na hakuwa na njia ya kujua. Kumbe swali la Dativa lilikuwa swali.

Halafu akilini mwake akauona uso wa Francis umeinamia komeo.

Akakimbilia simu ya ofisi ya uwanja. Akapokea Nkirote, mke wa Francis.

"Wanapakia gari. Saa tisa wanatoka. Nimwambie nini?"

Ilikuwa saa nane kasoro. Damas akafungua kinywa aseme. Kinywa kikakataa kumtukana mwenyewe kwenye simu.

"Mwambie anisubiri," akasema. "Nina... nina zawadi yake."

Barabara ya 169 inatoka Savage kwenda Champlin moja kwa moja, na Damas alitunga uongo mpya kila baada ya taa. Alipofika, Francis na rafiki yake Duncan walikuwa wakifunga turubai nyuma ya gari.

"Profesa mwenyewe!" Duncan akapiga makofi.

"Francis, zile risasi nipe kidogo. Nataka kuzing'arisha."

"Kuzing'arisha?" Duncan akacheka. "Kwani swara huangalia kama zinang'aa?"

"Buda, ulinipa jana," Francis akasema, uso umeanza kubadilika. "Leo unaninyang'anya mbele ya mabeshte? Kama hukutaka, si ungesema tu?"

Akalishika boksi la risasi, akalisukuma chini ya kiti, akafunga mlango wa gari.

Katika uongo alioutunga njiani ulibaki mmoja, nao haukufaa. Damas akatoa mfukoni lile ganda la kwanza, akaliweka juu ya boneti.

"Nilikudanganya," akasema. "Sikuzijaribu. Leo ndiyo nimezijaribu. Angalia hapa kitakoni. Ukizipiga zitakutoa macho."

Duncan akainama kulitazama ganda. Francis akafungua mlango wa gari, akalitoa boksi. Damas akahesabu.

"Ziko kumi na tisa. Nyingine iko wapi?"

"Nilikuwa naona tu kama inaingia," Francis akasema taratibu. "Ilikuwa ngumu kiasi. Nikai-force."

Bunduki ilikuwa imelala kwenye mfuko wake, nyuma ya kiti, na risasi tumboni. Damas akaitoa, akaelekeza mtutu kwenye udongo wa bustani, akavuta komeo kwa uangalifu wa mkunga. Risasi ikatoka nzima. Kichwani ilikuwa na mikwaruzo: ilikuwa ndefu kupita nafasi ya bunduki ile, maana ilikatwa kwa kipimo cha nyingine.

Francis akakaa kwenye bampa.

"Sasa nitawinda na nini?" akauliza. "Na mate?"

Kwenye gari la Damas kulikuwa na bunduki yake na risasi nane za zamani, zile nzuri, alizoziweka kwa ajili ya kesho. Mwaka mzima alikuwa akiingoja Jumamosi hiyo. Kumpa Francis zile nane peke yake ingekuwa kurudia ujinga uleule. Akaenda, akarudi na vyote viwili.

"Chukua bunduki yangu na risasi zake. Usizitenganishe."

"Na hizi zime-testiwa?" Duncan akauliza. "Ama ni zawadi tena?"

"Zimejaribiwa."

"Na nani?"

"Na mimi," Damas akasema, kwa sauti ambayo Dativa hakuwahi kuisikia ndani ya nyumba yake.

Francis akamshika bega, akapanda. Gari lilipokuwa linakunja kona, Duncan akatoa kichwa dirishani.

"Profesa, tutakuletea kwato!"

"Na ini!" Damas akapaza sauti. Aibu ni aibu, lakini mtu hasusi ini.