Jinsi Dada Anavyousikiliza Mguu

Tangu nizaliwe sijawahi kukosa la kusema, na likija suala la Kiingereza ndiyo usiseme kabisa. Shuleni mwalimu alikuwa akiuliza swali, darasa zima linageuka kunitazama kama watu wanaosubiri lifti ifunguke. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na maneno makubwa mengi kichwani kuliko nguo kabatini. Kwa hiyo dada yangu mkubwa alipotangaza mezani kwamba anaomba chuo ng'ambo, na kwamba ni lazima afaulu mtihani wa Kiingereza, mama hakuhangaika hata kidogo. Alininyooshea kijiko.

"Si huyu hapa? Kelele zake zote hizi zituletee faida mara moja."

Dada ni fundi wa miguu ya bandia. Anafanya kazi katika karakana nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye vumbi jeupe la plasta mpaka kwenye saa ya ukutani. Kazi alifundishwa na fundi aliyestaafu, mwaka wa sita sasa, lakini cheti hana, na bila cheti haruhusiwi kumtengenezea mtoto mguu. Mguu wa mtoto unataka elimu yake, maana mtoto anakua na mguu haukui. Watoto wanaletwa pale, dada anawapima urefu kwa macho tu, halafu anawaandikia waende mbali kwa wengine. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Chuo kilikuwa kimeshaziona picha za kazi zake, barua zake, kila kitu, kikaridhika. Kilichobaki ni Kiingereza, na dada ni mtu ambaye ukikaa naye saa nzima atakupa maneno kumi, mawili kati yake ni "ehe".

Basi nikajipa ualimu. Nilimwandikia majibu arobaini ya maswali ya kuongea, akayameza yote kama dawa ya minyoo. Nilitia chumvi, nakiri. Akiulizwa hupenda kufanya nini akipumzika, nilimwandikia kwamba hupiga kinanda, kisha huogelea kabla jua halijatoka. Dada ameoga kwa ndoo maisha yake yote, na kinanda amekiona kwenye televisheni. Aliniuliza kama huo si uongo. Nikamwambia huu ni mtihani wa lugha, siyo wa polisi.

Siku ya mtihani mtahini alilisikiliza jibu la kinanda mpaka mwisho, tena kwa adabu, kisha akamwuliza hicho kinanda kina ukubwa gani na nyumbani amekiweka wapi. Dada anaweza kusema uongo alioandikiwa, wa kwake hawezi. Aliikodolea meza macho mpaka muda ukaisha.

Matokeo yalipotoka, kusikiliza, kusoma na kuandika alikuwa amepita vizuri. Kuongea alipungukiwa nusu alama. Hakunilaumu. Alikunja karatasi, akavaa koti lake la kazi, akaenda zake. Angenirushia kiatu, kisingeniuma kama hivyo.

Baada ya wiki moja chuo kikaandika tena. Walisema kwa kuwa ni nusu alama tu, wahadhiri wawili watamhoji kwa video wamsikie wenyewe. Akiwaridhisha anaingia. Asipowaridhisha, nafasi inakwenda kwa mwingine, na wao huchukua wanafunzi kila baada ya miaka miwili. Sharti lilikuwa moja, limeandikwa kwa wino mzito: awe peke yake chumbani, asisaidiwe na mtu.

Nikamwandalia majibu mengine arobaini. Dada aliyachukua, akayakunja vizuri, akayaweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

"Kesho njoo kazini," akasema. "Ukae tu. Usiongee."

Nilikwenda. Asubuhi ile alikuja dereva mstaafu wa malori kupokea mguu wake mpya, mzee mmoja wa maneno mengi ambaye kwa kweli tungefaa kuwa ndugu. Dada alimvalisha, akamsimamisha katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, na mimi nikategemea atachuchumaa aukague ule mguu. Hapana. Alimgeuzia mgongo, akasimama akitazama ukuta, akafumba macho.

"Tembea, baba."

Dereva akaenda, akarudi. Mimi nilisikia viatu tu. Dada akamwambia arudie, na tena arudie, huku yeye habanduki pale ukutani, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza chumba cha jirani. Kisha akainua kidole.

"Goti linachelewa."

Alipiga magoti, akatia bisibisi, akageuza skrubu moja robo ya mzunguko. Robo tu. Akarudi ukutani, akafumba macho. Safari hii dereva alikuwa ameanza kunisimulia jinsi lori lake lilivyowahi kukwama mlimani likiwa na shehena ya magodoro, na katikati ya hadithi alifika mwisho wa vyuma, akaviacha, akaendelea kutembea na kusimulia mpaka dirishani. Ndipo akagundua kwamba mikono yake haijashika kitu. Hadithi ikakatika. Akajitazama chini, akanitazama mimi, akatazama tena chini. Mzee yule mwenye maneno yote yale alibaki kuusugua mdomo wake kwa kiganja.

Huyu mtu nimekaa naye nyumba moja miaka kumi na tisa, tunagombania rimoti, tunafichiana sukari, na kumbe sikumjua hata nusu. Dada alikuwa ameshageuka, anafuta bisibisi kwa kitambaa. Kwake ilikuwa Jumanne tu.

Kuanzia siku ile nilimkuta kila jioni ameegemea ukuta wa chumbani kwetu, simu sikioni, macho amefumba, anasikiliza watu wakizungumza Kiingereza. Haandiki kitu. Nilipomwuliza ametafuta maana ya maneno mangapi, akasema hatafuti maneno.

"Nasikiliza wanapopumzika. Mimi huwa napumzika mahali pasipofaa. Ndiyo maana nachechemea."

Mtu mwenye akili angeishia hapo akamwachia mwenye kazi kazi yake. Lakini ile nusu alama ilikuwa yangu, nilikuwa naibeba kifuani kama tofali, na isitoshe nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima kwamba mwalimu wake ni mimi. Siku ya mahojiano dada alinipa kazi moja: nikae nje ya mlango wa karakana, nizuie watu wasigonge. Alipokwenda kunawa plasta mikononi, nikaingia.

Mwisho wa chumba kuna pazia. Nyuma yake husubiri miguu iliyokamilika, imesimama sakafuni kwenye safu, imevalishwa viatu kabisa, maana kila mteja huleta kiatu chake ili mguu upimwe na kisigino cha mwenyewe. Pazia linaishia magotini ili fagio lipite. Ukiwa mbele unaona miguu tu na viatu. Nikajipenyeza katikati yake na kaptula yangu, majibu yangu mkononi, tayari kumnong'oneza akikwama. Kulikuwa na kitundu kwenye kitambaa, nikaweka jicho.

Dada alikaa akinipa mgongo, kompyuta mbele yake. Kwenye kioo wakatokea wahadhiri wawili, mwanamume mnene aliyekuwa akiandika muda wote na mama mmoja mwenye mvi fupi na miwani kichwani. Walianza na maswali mepesi. Dada aliyajibu kwa maneno mafupi mno, maneno ya darasa la tano. Kiingereza cha kuombea maji, nikawaza, nikahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Kisha yule mama akaishusha miwani.

"Unajuaje kwamba mguu uko tayari?"

Swali hilo halikuwamo kwenye yale arobaini ya kwanza wala ya pili. Nikapekua karatasi zangu, hakuna. Nikapekua kichwa, maneno yangu makubwa yote yakasimama yakitazamana kama wageni waliokosea nyumba. Sekunde zilipita, nikazihesabu, nikafika kumi na moja, na yule mwanamume akaacha kuandika.

Ndipo dada akarudisha kiti nyuma kidogo, akafumba macho. Akagonga meza kwa vidole: *ko, ko-ko. Ko, ko-ko.* Akasema kwa Kiingereza, polepole, "Huyu bado anaufikiria mguu." Akagonga tena, mapigo sawasawa, *ko, ko, ko, ko.* "Huyu anawafikiria watoto wake. Nafanya kazi mpaka nimsikie huyu wa pili. Mguu uko tayari siku mwenyewe anaposahau kwamba anao. Akitoka hapa ana haraka, hata bila kuniaga, mimi nafurahi."

Akafumbua macho.

"Lakini mtoto anakua. Mlio wake unabadilika kila mwezi. Huo sijui kuusikiliza. Nimewarudisha watoto thelathini na mmoja. Ndiyo maana naomba kuja."

Hapakuwa na neno hata moja ambalo nisingelijua nikiwa na miaka kumi na miwili, na sijawahi kusikia Kiingereza kama kile. Kila neno lilikanyaga mahali pake na kubeba uzito wake, hakuna lililochelewa. Alipumzika pale pale panapopumzikwa. Karatasi zilinishuka mkononi zenyewe, sikuzizuia. Yule mwanamume mnene alikuwa ameweka kalamu chini, na nilimwona mama mwenye mvi akigonga meza yake mwenyewe kwa kidole, taratibu, kama anayejaribu ule mlio.

Kisha yule mama akasogea karibu na kioo.

"Nina swali jingine," akasema. "Hiyo miguu iliyo nyuma yako. Mingapi?"

"Sita," dada akasema bila kugeuka.

"Mimi nahesabu minane. Nimetazama miguu kwa miaka thelathini, na sijawahi kuona ya bandia ikihamisha uzito yenyewe. Wa tatu na wa nne kutoka kushoto imekuwa ikifanya hivyo tangu tulipoanza."

Dada akageuka. Aliitazama safu, akaifikia ya kwangu, akavijua viatu. Nikaona miaka miwili ikipita pale machoni pake, na watoto wakirudishwa mlangoni, kwa ajili yangu, kwa mara ya pili. Nikafungua pazia, nikatoka na vumbi la plasta mpaka nyusi.

"Huyu ni nani?" yule mama akamwuliza.

Dada hajui kudanganya. "Mdogo wangu," akasema. "Ndiye mwalimu wangu wa Kiingereza. Sikujua kwamba yumo."

Yule mama akanigeukia mimi. Aliongea polepole, kwa upole kabisa, kwa Kiingereza ambacho hata mama yangu angekielewa.

"Kijana, umempa dada yako maneno mangapi?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja, sifuri. Nililijua. Nilikuwa nimelijua tangu chekechea. Nikafungua mdomo, lisitoke. Nikafumba, nikafungua tena, nikatikisa kichwa, nikasema "aah," nikaonyesha karatasi zilizolala sakafuni, nikamwonyesha dada, nikafungua mdomo mara ya tatu, na kioo kizima kikanisubiri.

Mwanamume mnene aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, akaandika mstari mmoja. Yule mama hakucheka. Alinitazama sana, kisha akairudisha miwani kichwani.

"Hilo linatosha," akamwambia dada. "Sasa nina hakika hukusaidiwa na mtu. Utaanza nasi Septemba."