Kumbatio la Mstarini

Mama yake Kidoti alikuwa akimhesabia mgonjwa vidonge pale duka la dawa alipopigiwa simu na shule. Sauti ya mwalimu mkuu ilikuwa ya furaha. Alimwambia asiwe na hofu, kulikuwa na ugomvi mdogo wa watoto lakini umekwisha, aje tu amchukue binti yake mapema kwa kuwa anaonekana hajisikii vizuri.

Alimkuta kwenye benchi nje ya ofisi. Mtoto alikuwa akitabasamu. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye ile alama nyeusi ya shavuni iliyompa jina la Kidoti, na bado meno yalikuwa nje. Mama akamuuliza anacheka nini. Kidoti akajibu kwamba mwalimu amesema asiache.

Hapo ndipo damu ilipoanza kumchemka yule mama.

Mwalimu mkuu alimweleza mambo yalivyokuwa, huku akijisifu. Asubuhi ile Kidoti alimzaba kofi rafiki yake, yule wa kuchongachonga maneno ambaye tangu chekechea anaitwa Chiriku. Watoto hawa walikuwa chanda na pete. Basi akawasimamisha wote wawili mstarini, mbele ya shule nzima, akamwamuru Kidoti aombe radhi, kisha wakumbatiane na kutabasamu. Walipokataa kutabasamu, aliwaambia watasimama pale pale mpaka watabasamu. Mwishowe shule nzima ikapiga makofi.

"Na kofi lilikuwa la nini?" mama akauliza.

Mwalimu mkuu akasema kupiga ni kupiga, sababu haibadilishi kitu. Mama akataka aitwe mwalimu wa darasa. Huyo naye hakujua. Watu wazima wawili, ofisi moja, jua limeshapanda, na hakuna aliyemuuliza mtoto wa miaka tisa kimemsibu nini. Wangeibiwa kiti kimoja, wangehoji shule nzima.

Wakati huo mama yake Chiriku akaingia, msusi, kitana bado kimechomekwa kichwani, kwa maana alikuwa amemwacha mteja na nusu ya nywele. Alikuwa na haraka. Akasema haya ni mambo ya watoto, kesho utawakuta wanagawana peremende. Mwalimu mkuu akadakia kwamba hata wahenga walinena, ndugu wakigombana shika jembe ukalime.

"Jembe lipi, mwalimu?" mama yake Kidoti akasema. "Hukuwaacha wagombane, wala hukuwaacha wapatane. Umewavisha uso wa mapatano kama sare, ukawapigia makofi. Mimi mgonjwa akija na homa, simpi dawa ya kumfanya aonekane mzima."

Mwalimu mkuu alitaka kukunja uso, lakini mama yake Kidoti alikuwa ameshatoka, akarudi na watoto wote wawili. Akaketi chini sakafuni ili awe sawa nao. Msusi alisita kidogo, akatazama saa, kisha naye akaketi.

Mama yake Kidoti akamuuliza binti yake kofi lilikuwa la nini. Kidoti alisokota ukingo wa sketi. Halafu akasema, kwa sauti ambayo walilazimika kuinama waisikie, "Aliwaambia wenzake baba amehama nyumbani. Wakaanza kuniuliza kama atarudi."

Chiriku akasema alimwambia mmoja tu, msichana mgeni darasani, maana mgeni alitaka kujua siri ndipo awe rafiki yake. Akaanza kulia.

Mama yake Kidoti alihisi hasira yake yote imesimama njiani, haijui pa kwenda. Ni yeye aliyemwonya binti yake kwamba ya nyumbani hubaki nyumbani, asimwambie hata jirani. Mtoto alibeba jambo lile peke yake mpaka likamshinda, akalipeleka kwa mtu mmoja aliyemwamini. Na Chiriku hakuwa adui. Alikuwa mtoto aliyeogopa kuachwa nje ya mchezo.

Akamshika binti yake mkono. "Hukukosea kumwambia rafiki yako," akasema. "Mimi ndiye niliyekutwisha mzigo. Na hasira uliyoipata ni haki yako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini mkono wako umemuumiza mwenzako. Huo ndio tunaouombea radhi, basi."

Kidoti akamgeukia Chiriku. "Samahani kwa kofi," akasema. "Lakini bado nimekukasirikia." Hakutabasamu.

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Akasema naye anaomba radhi, na kwamba hasemi tena. Msusi alimvuta binti yake akamfuta kamasi kwa kiganja, bila kusema tena mambo ya watoto.

Mwalimu mkuu akapumua, akasema vyema, sasa wakumbatiane.

"Hapana," mama yake Kidoti akajibu. "Watakumbatiana siku watakayotaka wenyewe. Wasipotaka, pia sawa."

Mwalimu mkuu alimwambia kwa ubaridi kwamba shule ina taratibu zake. Naye akajibu kwamba taratibu hizo atazizungumzia kwenye kikao cha wazazi, na kweli alizizungumzia, mpaka baadhi ya wazazi wakamwona mkorofi. Watoto waliendelea kupatanishwa, lakini mstarini hawakusimamishwa tena.

Njiani kurudi, Kidoti aliuliza kama baba atarudi. Mama akasema hajui. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu ukweli, na mtoto hakulia. Aliuliza tu kama anaruhusiwa kumwambia bibi, mama akamwambia anaruhusiwa kumwambia yeyote anayemtaka.

Jumamosi moja Chiriku akaja peke yake kwenye duka la dawa, akasimama mbele ya kaunta, kichwa kikifika ukingoni kwa taabu, akauliza kama Kidoti yupo. Kidoti alikuwa stoo, akisikia kila neno. Mama hakumwita wala hakumsukuma. Aliendelea kupanga chupa za dawa ya kikohozi. Baada ya muda Kidoti akajitokeza mwenyewe.

"Leo sitaki kucheza," akasema. "Njoo kesho."

Chiriku akasema sawa, akaondoka. Kesho yake, hata chai haijaisha, akabisha hodi nyumbani kwa akina Kidoti.