Gari Lililoshuka Lenyewe

"Gari lilishuka lenyewe," alisema Mzee Abdulghafur, na wanaume waliokaa naye barazani wakatikisa vichwa polepole, kama watu wanaoitikia dua.

Kadzo hakutikisa kichwa. Alikuwa amekaa mbele yao kwenye kiti cha plastiki walichomtolea ndani, mguu wake wa kushoto ameunyoosha, umefungwa bendeji kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Alikuwa amekaribishwa vizuri. Kahawa ilikuwa imemiminwa, tende zimeletwa kwenye sahani ya maua, ameulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mguu, za usiku ulivyopita, na kila jibu lake likashukuriwa. Hakuna mtaa unaojua kumdhulumu mtu kwa adabu kama ule.

Kando ya kiti chake waliweka karai jipya, kubwa, linalong'aa, karatasi ya dukani bado imegandishwa ubavuni. Lilikuwa zawadi. Hakuwa ameligusa.

Kadzo aliuza viazi karai mwisho wa mteremko unaotoka Ndia Kuu kwenda Bandari ya Kale, penye ukuta wa ghala la zamani lililofungwa. Mahali pale alipachagua mwenyewe, baada ya kufukuzwa kwingine na upepo, na askari wa jiji, na wenye maduka. Ukuta ule ulizuia upepo wa baharini. Makaa hayakuyumba, mafuta hayakupoa katikati ya kazi. Rojo la unga na manjano lilitaka mafuta yaliyotulia: yakipoa kidogo tu, viazi hunywa mafuta na kulegea, na mteja akiuma mara moja harudi. Viazi vyake havikulegea. Wazee waliotema kila kitu kwa kisingizio cha meno walikula viazi vya Kadzo na ukwaju wake, wakalamba vidole.

Siku za Ijumaa alianza mapema, ili watu wakitoka msikitini wakute vya moto.

Sasa, mtaa ule una desturi yake, na mgeni huijua siku anayoikosea. Vichochoro ni vyembamba, magari yameongezeka, na Ijumaa kila mtu anataka kuegesha karibu na msikiti. Kwa hivyo hakuna anayevuta breki ya mkono. Gari huachwa huru, ili akitokea mwenye jeneza, au mwenye mkokoteni, au mwenye haraka zake tu, watu wawili walisukume kidogo, wapite, wamwombee mwenye gari heri. Kuvuta breki ni kuwafungia wenzako njia. Ni uchoyo. Kijana mmoja kutoka Nairobi aliwahi kuivuta akaenda zake kuswali. Alipotoka alikuta gari lake limebebwa juu juu na kupangwa ubavu mlangoni mwa kinyozi, na hadi anahama mtaa walimwita Bwana Komeo.

Desturi hiyo ilizaliwa zama za magari ya gia za mkono. Yalipojaa magari ya otomatiki, watu wakabuni njia. Gari la otomatiki likizimwa kwenye P hujishika, halisukumiki. Basi wakajifunza kukibonyeza kile kidude kidogo kando ya gia, kinachoifungua, kisha kuirudisha gia kwenye N, isiyoshika magurudumu, na kushuka. Walilifanya hilo kama mtu anavyovua viatu mlangoni, bila kufikiri. Mbele ya msikiti, ambako ni tambarare, halikumdhuru mtu.

Lakini Ijumaa ile mbele ya msikiti palikuwa pamejaa. Mzee Abdulghafur alikuwa anatoka Mwembe Tayari, yeye na mkewe, kumpakia shemeji yake kwenye basi la bara. Walichelewa. Hotuba ilikuwa imeshaanza. Akaliacha gari juu ya mteremko, pua imeelekea bahari, gia kwenye N, breki ya mkono iko chini. Gurudumu moja lilikuwa limegota kwenye jiwe la ukingo, gari likatulia. Kisha wakaja mahamali wawili na mkokoteni wa magunia ya mchele. Wakalisukuma kidogo, kwa heshima, kama walivyosukuma magari mengi. Gari likaenda. Likaendelea kwenda.

Gari lililozimwa halina sauti. Kadzo alisikia kelele za mahamali tu, akainua uso, mwiko wa matundu mkononi umejaa viazi, na akaona kioo cha mbele kinamjia bila mtu nyuma yake. Aliruka. Mwili ulipona, mguu ulichelewa. Gari liligonga meza, meza ikagonga jiko, na karai likampindukia. Kisha gari likaegemea ukuta wa ghala na kusimama, taratibu, kama limefika lilikokuwa likienda.

Mzee Abdulghafur mwenyewe ndiye aliyempeleka hospitali, kwa gari lilelile. Kadzo hakulisahau hilo. Mzee alikuwa mtu mzima anayeheshimika, wakala wa forodha aliyestaafu, mteja wake wa siku zote, na njiani alikuwa akitetemeka kuliko yeye. Lakini alipomweleza daktari ndipo neno lile lilipotoka kwa mara ya kwanza: limeshuka lenyewe. Wiki nzima likazunguka. Majirani walilisema, wateja walilisema kwenye simu, dada yake huko Rabai alilisikia kabla ya kusikia kwamba Kadzo ameungua. Kila lilipomfikia, Kadzo alihisi mguu unachomwa upya. Gari lina akili gani hata lishuke lenyewe? Lilichoka kusimama? Lilisikia harufu ya viazi?

Na sasa barazani Riyadh, mwanawe Mzee Abdulghafur, kijana mpole aliyefanya kazi ya ofisi huko Mbaraki, alikuwa akimweleza walichoamua. Alizungumza vizuri, mikono ameiweka magotini. Walikuwa wamekaa, wakatafakari, wakaona pale mwisho wa mteremko si mahali salama. Walikuwa wamemtafutia nafasi karibu na Ngome ya Yesu. Pana kivuli, pana watalii.

"Mama Kaingu, tunachotazama sisi ni usalama wako," alimaliza, akimwita kwa jina la mwanawe.

Kadzo alipajua pale. Upepo wa pale huzima jiko. Watalii hupiga picha ya karai na kwenda kula hotelini, na wauza vinyago waliotangulia wanalinda kila shubiri ya ardhi kama ya urithi. Wateja wake wasingemfuata. Nani apande mlima kwenda kununua kiazi na kushuka nacho kimeshapoa? Mwezi mmoja tu, angekuwa anarudi Rabai na karai lake jipya kichwani.

"Kwa hivyo gari libaki, niondoke mimi," alisema.

"Si hivyo, mama."

"Ni vipi?"

Riyadh alimtazama babake. Mzee mmoja pembeni, aliyependa mzaha, akaona apoze mambo. Akasema hata gari la Abdulghafur halina lawama, lilikuwa lafuata viazi, kwani nani asiyevitaka. Wakacheka, si sana.

"Lingekuja na mtu ndani ningelihudumia," Kadzo alisema.

Alisukuma karai kwa ncha ya mguu wake mzima, si kwa nguvu, likasogea likakwaruza sakafu. Aliwaambia hataki karai, analo lake, limebonyea lakini linashika moto. Hataki nafasi ya Ngomeni. Wala hakuja kumfunga mtu. Alitaka Mzee Abdulghafur aseme mbele ya hawa waliokaa kwamba gari yeye ndiye aliyeliacha vile. Basi. Na kuanzia hapo, atakayeegesha kwenye mteremko avute breki, desturi au si desturi.

Mzee Abdulghafur aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumizwa kweli.

"Mwanangu, mimi nililiacha kama tuliachavyo sote," alisema. "Ningevuta breki hawa hawa wangenisema. Nilifanya wema. Mahamali ndio waliolisukuma."

"Mahamali walisukuma hatua moja, mzee. Ule mteremko uliobaki walisaidiwa na nani?"

Muuza kahawa aliyekuwa akipita na birika lake alipunguza mwendo, akaona nyuso, akaendelea na safari. Riyadh alianza kusema kwamba lililopita limepita, kwamba ni mipango ya Mungu, na Kadzo akahisi hasira inampanda kutoka mguuni hadi kooni. Huyo Mungu hutajwa upesi sana kila anayeungua akiwa mtu wa kutoka bara ya Rabai. Lingemgonga mmoja wa hawa, gari lingekuwa na dereva, na dereva angekuwa na jina.

Alikuwa anaanza kuinuka kitini aliposikia sauti kutoka nyuma ya pazia la mlango.

"Baba Riyadh." Ilikuwa sauti ya Bi Mwanakuu, mke wa mzee. Haikuwa ya juu. "Mimi nilikuwa garini."

Wanaume wakatazama vikombe vyao.

"Lilikuwa limeshika," Bi Mwanakuu aliendelea. "Weye ulibonyeza likaachia. Nikakwambia hapa ni mlimani. Ukaniambia, shuka, twachelewa."

Pazia halikufunguka. Upepo mdogo ulilisukuma likatulia tena. Mzee Abdulghafur alijipapasa mfukoni akitafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Kila mtu pale alijua mzee alipaswa kusema nini, na lilikuwa neno jepesi, mtoto wa chuo cha Kurani angeweza kulitamka. Walingoja. Kadzo naye alingoja, ameshika mgongo wa kiti.

"Alasiri imekaribia," Mzee Abdulghafur alisema hatimaye. "Tutalizungumza, inshallah."

Wakainuka kwa pamoja, wakamtakia Kadzo afya njema, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno mazuri kabisa. Aliondoka akichechemea, akiacha nyuma karai jipya na kahawa ambayo hakuimaliza.

Ijumaa iliyofuata alirudi. Dada yake alimkataza, muuguzi alimkataza, na bendeji ilikuwa bado inatoa unyevu. Alikodi mkokoteni kutoka kituo cha magari, na hamali aliyeusukuma, mmoja wa wale wawili, hakutaka kuchukua malipo na hakutaka kumtazama. Akapanga vitu palepale. Meza ya kuazima, kwa kuwa ile yake ilivunjika mguu. Jiko. Karai lililobonyea ubavu, likakaa kwa kuinama kidogo, akaliwekea kigae chini likanyooka. Nyuma yake kwenye ukuta wa ghala palikuwa na mkwaruzo mpana, urefu wa kiuno chake, chokaa imebanduka na jiwe la matumbawe limeonekana. Akaweka kigoda chake mbele ya mkwaruzo huo. Kisha akageuka na kukaa akitazama juu, mteremko wote uko mbele yake.

Watu walioshuka walimsalimia. Wengine walisimama kidogo kana kwamba wanataka kusema kitu, wakauliza hali ya mguu, wakapita. Kijana mmoja mwenye gari jeupe alifika juu ya mteremko, akamwona, akarudi kinyumenyume akatafuta mahali pengine. Mbele ya msikiti palianza kujaa, kisha pakajaa. Kadzo alipiga rojo kwa mkono, akizungusha bakuli mapajani, akiyavunja madonge kwa vidole.

Kisha gari la Mzee Abdulghafur likatokea.

Alilijua kabla ya kuona nambari, kwa taa moja ya mbele iliyopasuka na kuzibwa kwa gundi ya plastiki. Lilikuja taratibu likitafuta nafasi, likakosa, likafika juu ya mteremko na kusimama palepale liliposimama Ijumaa ile. Halikuwa na kwingine. Injini ikazimwa. Mahamali waliokuwa wakipumzika kwenye kivuli wakainuka. Mzee wa mzaha, aliyekuwa anavuka kwenda msikitini, alisimama katikati ya njia, kofia mkononi.

Kupitia kioo Kadzo aliuona uso wa mzee, na mzee alimwona. Hawakusalimiana. Kichochoro kilikuwa na kivuli wakati ule, nyumba za pande zote zimeinamiana juu, na nyuma ya gari ukuta mweupe ulikuwa umeiva wekundu kwa taa zake za breki. Mguu wa mzee ulikuwa bado kwenye pedeli ya breki. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshuka chini, katikati ya viti, mahali ambapo pana gia, na pana kile kidude, na pana breki ya mkono, vyote karibu karibu, na kutoka kule chini mtu hawezi kujua kidole kimegusa kipi.

Adhana ya pili ikaanza. Kadzo hakusogeza kigoda. Alidondosha tone la rojo kwenye karai. Lilizama, likatulia, likapanda juu likichemka kingo zake zote, na alipoona hivyo akachukua kiazi cha kwanza, akakichovya, akakitia taratibu ndani ya mafuta.

Juu, wekundu ulikuwa bado ukutani.